Namna ya kupima kwa probu za kemikali zinazotoa mwanga, bila kudanganywa na mwanga wenyewe

Watu wengi wakianza kutumia hizi probu zinazowaka zenyewe, yaani kemikali zinazotoa mwanga zikikutana na kile unachokitafuta, kitu cha kwanza wanachokitafuta ni mwanga mkali. Wanachukua probu inayosifiwa, wanapandisha gaini ya mashine (kiwango cha kukuza mwanga inaousoma) mpaka mwisho, namba zinakuja mamilioni, furaha tupu, alafu wakileta sampuli yenye kidogo kweli kweli wanakuta haina tofauti na kishimo kisicho na kitu kwenye pleti, ile sahani ya vishimo vya kuwekea sampuli. Nikwambie mapema tu, hii kazi siyo ya mwanga, ni kazi ya giza. Kimulimuli yuleyule ukimtafuta saa sita mchana humwoni, usiku unamwona toka mbali, na yeye wala hajaongeza mwanga. Kwaiyo karibu kila kitu ntakachoandika hapa chini kinahusu kulinda giza, yaani kuifanya blanki yako (kishimo chenye kila kitu isipokuwa unachokitafuta) iwe chini na itulie.

Kwanza tuelewane jinsi inavyofanya kazi, maana ukiielewa hii makosa mengi utayaona mwenyewe. Kwenye fluoresensi unamulika sampuli kwa taa, molekuli inameza huo mwanga na kurudisha wa rangi nyingine. Shida ni kwamba ukimulika, kila kitu kinarudisha: pleti, midia (chakula cha kukuzia seli), seli zenyewe, mpaka nyuzi za karatasi ya kufutia. Kwenye kemiluminesensi hakuna taa kabisa, nguvu ya mwanga inatoka ndani ya mmenyuko wenyewe, kwaiyo kama mmenyuko haujatokea, giza linabaki giza. Hiyo ndo sababu ya msingi inayofanya hii njia ione vitu vidogo ambavyo fluoresensi haivioni.

Sasa probu zenyewe ziko za namna kadhaa na kila moja ina tabia zake. Ya zamani inayojulikana na wengi ni luminoli, mwanakemia Albrecht alieleza mwanga wake mwaka 1928, na 1937 Walter Specht akapendekeza itumike kutafuta damu kwenye maeneo ya uhalifu. Inahitaji haidrojeni peroksaidi na kichocheo, maabara tunatumia kimeng'enya cha HRP (peroksideizi ya mmea wa horseradish) kilichofungwa kwenye kingamwili, na mwanga wake ni wa bluu, karibu nanomita 425. Ubaya wa luminoli haichagui, chuma, shaba, kobalti, himoglobini, hata dawa ya kung'arisha nguo, vyote vinaiwasha. Ukiwa na sampuli yenye damu alafu ukaona mwanga, usishangilie.

Alafu kuna esta za akridiniamu, hizi hazitaki kimeng'enya kabisa, unazifunga kwenye kingamwili, unamwaga peroksaidi yenye asidi alafu soda kali, zinawaka pap na kuisha ndani ya sekunde chache. Kama mashine yako haina sindano ya ndani inayomwaga kemikali huku inasoma, hizi achana nazo, ukifika kufunga mlango wa mashine zimeshakufa.

Ninazozipenda mimi ni za dioksetani. Ndani yake kuna pete ndogo ya atomu nne, kaboni mbili na oksijeni mbili, imebana kama mtego uliotegwa, na pembeni imeegemezwa na bonge la adamantani, yaani kaboni zilizofungana kama kizimba, linaloizuia isifyatuke ovyo. Upande mwingine kuna fenoli iliyofunikwa na kifuniko. Kimeng'enya unachokitafuta kikija kikakata kifuniko, fenoli inabaki wazi, inasukuma elektroni kwenye ile pete, pete inapasuka na mwanga unatoka. Uzuri wake kifuniko unaweza kukibadilisha, ukiweka fosfati inatafuta fosfateizi, ukiweka galaktosi inatafuta beta-galaktosideizi, na kadhalika. Huu mtego wa kufunguliwa na kimeng'enya ulitoka kwa mwanakemia Schaap na wenzake 1987. Tatizo lilikuwa kwenye maji, mwanga ulikuwa unazimwa vibaya mno, ikabidi watu waongeze sabuni na rangi za kusaidia ambazo kwenye seli hai hazifai. Mwaka 2017 kundi la Doron Shabat, Chuo Kikuu cha Tel Aviv, wakabadilisha molekuli yenyewe, wakaweka akrileti pembeni ya fenoli, na mwanga ndani ya maji ukaongezeka mpaka kama mara 3,000. Miaka miwili baadae wakawa na probu za kunasa bakteria wa Salmonella na Listeria kwa mtindo huohuo. Hapo ndo hizi kitu zikawa za kuweka kwenye bafa ya kawaida (maji ya chumvi yanayoshikilia pH) na kusoma bila mbwembwe.

Basi tufanye jaribio moja pamoja, la kujifunzia. Tunatafuta bakteria wachache wa E. coli wa maabara, wale wa K-12 wasio na madhara, kwa probu ya dioksetani yenye kifuniko cha galaktosi. Ukilijua hili, mengine yote ni kubadilisha kifuniko na bafa.

Anza na probu, na hapa usiwe na haraka. Ikija, iweke kwenye friza ya -20, gizani, pakavu. Siku ya kuifungua itoe uiache mezani ikiwa imefungwa mpaka ifike joto la chumba, ukifungua ya baridi unyevu wa hewa unaganda ndani na taratibu unaanza kuiharibu. Yeyusha kwenye DMSO, kiyeyushio chake, iwe milimola 10, igawe kwenye tyubu ndogo ndogo za kutumia mara moja moja, zungushia foili. DMSO inaganda kwenye nyuzi joto 18 na nusu hivi, kwaiyo kwenye friza inakuwa barafu, na ukiitoa hakikisha imeyeyuka yote na umeichanganya kabla hujapipeti, la sivyo juu unachota kingine na chini kingine. Na vaa glavu bana, DMSO inapita kwenye ngozi na kubeba kilichomo.

Siku ya kazi chukua mikrolita 10 za hiyo stoku weka kwenye mililita 5 za bafa ya fosfati ya pH 7.4, utapata mikromola 20, na ukija kuichanganya nusu kwa nusu na sampuli inabaki 10. DMSO hapo imebaki asilimia 0.1 tu, bakteria hawaisikii. Mtu mwingine atakwambia chota mikrolita 2 weka kwenye mililita 1, hesabu ni ileile, lakini mikrolita 2 za DMSO zinang'ang'ania kwenye ncha ya pipeti na kila siku unapata probu ya nguvu tofauti. Mi huwa natengeneza nyingi na nyingine namwaga, bora hivo.

Angalizo kuhusu bafa: hii ya fosfati inafaa kwa galaktosi. Siku ukihamia kwenye probu ya alkali fosfateizi usiiguse, fosfati inakizuia hicho kimeng'enya, tumia ya Tris. Nilishapoteza wiki mbili kwa hili, kila kitu kilikuwa sawa, kingamwili mpya, probu mpya, mwanga hafifu, nikamlaumu hadi aliyetutumia mzigo, kumbe nilikuwa naoshea pleti kwa bafa iliyokuwa karibu na mkono. Na ukiwa upande wa HRP, adui ni azaidi ya sodiamu, ile inayowekwa kwenye chupa za kingamwili zisiote ukungu. Soma lebo.

Pleti iwe nyeupe. Nyeusi ni za fluoresensi, zinameza mwanga, nyeupe inarudisha mwanga juu kwenye jicho la mashine. Ila nyeupe ina hila yake, ukiiacha mezani chini ya taa au karibu na dirisha inashiba mwanga na inaendelea kuutoa polepole hata ukiiweka gizani. Jaribu hii siku moja: chukua pleti mpya tupu iliyokaa mwangani, isome mara baada ya mara kila dakika, utaona namba zinashuka zenyewe, pleti haina hata tone la maji. Kwaiyo pleti zangu zinakaa kwenye droo zimefungwa, na kila nikishapakia naiacha dakika 5 ndani ya mashine kabla ya kusoma. Gundi na stika za kufunika pleti nazo zinafanya hivohivo, usiziamini.

Sasa bakteria. Wakuze usiku kucha na IPTG milimola 1, hiyo inawaamsha watengeneze beta-galaktosideizi kwa wingi. Asubuhi wazungushe kwenye sentrifuji, mwaga midia, waoshe mara mbili kwa bafa. Hatua ya kuosha watu wanairuka, na ndo inayoleta kelele, maana midia ya kukuzia ina rangi ya kahawia inayomeza mwanga, na ina vimeng'enya vilivyovuja kutoka kwa bakteria waliokufa, kwaiyo unapima supu badala ya seli. Kwa wanaofanya seli za wanyama, midia isiwe na fenoli nyekundu, ile rangi inameza mwanga wako, na seramu ina vimeng'enya vyake vinavyoweza kukata kifuniko chako bila kuulizwa.

Punguza kwa kumi kumi, mikrolita 100 kwenye 900, mara sita au saba, na kila hatua badilisha ncha ya pipeti. Sisemi hivi kwa kukariri tu, ncha moja ikibeba bakteria toka tyubu ya juu kwenda ya chini unaishia na grafu isiyoshuka, inalala chali huko mwisho, na utadhani probu yako inaona bakteria watano kumbe umewabeba mwenyewe.

Pakia mikrolita 50 za sampuli, kisha mikrolita 50 za probu. Mpangilio kwenye pleti ni muhimu kuliko unavyodhani. Kishimo kinachowaka sana kinamwaga mwanga kwa jirani yake, na jirani akiwa blanki basi blanki yako ina namba ya kuazima. Weka zenye bakteria wengi upande mmoja, blanki upande wa pili kabisa, katikati acha safu tupu. Kila sampuli vishimo vitatu. Blanki usiweke vitatu, weka nane au kumi na mbili, na nitaeleza kwa nini. Na blanki siyo maji! Blanki ni kila kitu ulichoweka kwenye sampuli isipokuwa kile unachokitafuta: bafa ileile, probu ileile, DMSO ileile, muda uleule.

Ongeza kontroli mbili, yaani sampuli za kulinganishia. Moja, bakteria waleule uliowachemsha nyuzi 95 dakika 10, kimeng'enya kimekufa, mwanga unatakiwa ushuke mpaka karibu na blanki. Pili, kimeng'enya safi kidogo ndani ya bafa, ili ukikosa mwanga ujue kama probu ndo imekufa au bakteria hawana kitu. Kama unao wale waliofutwa jeni ya lacZ, ile inayotengeneza beta-galaktosideizi, hao ni bora zaidi kuliko waliochemshwa, kwa sababu wana kila kitu kingine isipokuwa kimeng'enya.

Weka kwenye mashine, nyuzi 37, isome kila dakika 2 kwa saa moja, kila kishimo nusu sekunde mpaka sekunde moja. Usisome mara moja tu ukaondoka. Dioksetani haiwaki kama kiberiti, inapanda taratibu, inakaa juu, inashuka, na sampuli yenye kimeng'enya kingi inaweza kumaliza probu mapema ikaanza kushuka wakati ile yenye kidogo bado inapanda. Ukisoma dakika ya 60 peke yake utakuta eti yenye bakteria wengi ina mwanga mdogo kuliko ya kati, unaanza kujiuliza maswali ya ajabu. Angalia mstari wote wa muda, alafu chagua dakika ambazo zote bado zinapanda, au jumlisha eneo lote chini ya mstari.

Kisa hikihiki cha kumaliza chakula kinaonekana vizuri zaidi kwenye western bloti ya luminoli, kile kipimo cha kutafuta protini kwenye karatasi maalumu iitwayo membreni. Unatoa membreni, mstari wa protini unayoitafuta unatakiwa uwake, lakini katikati yake ni mweupe na kingo tu ndo zinang'aa kama kidirisha, na ukiiangalia membreni kwenye taa unaona pale pale pana alama ya kahawia. Anayeanza anaongeza kingamwili akidhani haitoshi, kumbe HRP ni nyingi mno imekula luminoli yote kabla hujafika kwenye kamera. Dawa ni kupunguza kingamwili ya pili, ile iliyobeba HRP, tena sana, mara tano, mara kumi. Hata mi nilibisha mara ya kwanza kuambiwa hivi.

Haya, namba zimetoka. Sasa kwa nini blanki nyingi. Kikomo cha unachoweza kuona huwa kinahesabiwa kwa wastani wa blanki ukiongeza mara tatu ya mtawanyiko wake, ile SD. Tuseme kwa mfano blanki zako zina wastani 120 na SD 6, kikomo ni 138, chochote juu ya hapo una haki ya kusema umekiona. Mwenzako ana probu kali kuliko yako, blanki zake zina wastani 900 na SD 150, kikomo chake ni 1,350. Sampuli ileile yenye bakteria wachache ikiongeza 40 kwako inafika 160, umeiona. Kwake hata ikiongeza 200, mara tano ya yako, inafika 1,100, imepotelea ndani ya kelele. Ndo maana nasema usinionyeshe mwanga, nionyeshe blanki. Na SD ya vishimo vitatu ni kubahatisha, ndo sababu nataka nane.

Blanki ikiwa juu tafuta kwa mpangilio, usibadilishe vitu vitano kwa pamoja. Soma kishimo kitupu, kisha bafa peke yake, kisha bafa na DMSO, kisha bafa na probu. Pale namba inaporuka ndo penye mchawi. Ikiruka kwenye probu, mara nyingi imeshaanza kufyatuka yenyewe kwa sababu ya joto au kuyeyushwa na kugandishwa mara nyingi, fungua tyubu mpya. Ikiruka kwenye bafa, imechafuliwa, na kwa fosfateizi hili ni la kila siku, maana hicho kimeng'enya kiko kwenye bakteria wa kila mahali, vidole vyako vimo. Kwa luminoli kuna jaribio tamu la bure, zima taa zote kwenye chumba cha giza, kaa dakika kumi macho yazoee, alafu changanya zile chupa mbili, ya luminoli na ya peroksaidi, kwenye tyubu safi. Ikianza kung'aa bluu mkononi mwako bila kuongeza HRP, mtu alirudisha ncha chafu ndani ya chupa. Tupa, na usianze kumtafuta ni nani, utagombana na watu bure.

Upande wa pili, ukikosa mwanga kabisa wakati kontroli ya kimeng'enya safi inawaka vizuri, mara nyingi probu haiingii ndani ya bakteria vya kutosha, ukuta wao wa nje ni mgumu. Subiri zaidi au tumia kivunja seli kidogo. Lakini sabuni yoyote ya kuvunjia seli inabadilisha mwanga wenyewe, inaweza kuupandisha au kuushusha, kwaiyo iweke pia kwenye blanki na kwenye kontroli zote. Ukitumia klorofomu kwa mtindo wa zamani, fanyia kwenye tyubu ya kioo, usiimwage kwenye pleti, itaila plastiki mbele ya macho yako.

Ukihamia kwenye sampuli za ukweli, maziwa, mkojo, damu, maji ya bwawa, kuna kipimo kimoja hautakiwi kukiruka. Chukua kiasi kilekile cha kimeng'enya safi, kiweke kwenye bafa na kiweke pia kwenye sampuli isiyo na bakteria, linganisha. Ikitoka nusu, sampuli yako inakula nusu ya mwanga, na grafu uliyoitengeneza kwenye bafa haikuhusu tena, itengeneze upya ndani ya sampuli yenyewe. Damu ndo mbaya kuliko zote, himoglobini inameza bluu na kijani kwa ulafi.

Grafu ichore kwa logi pande zote mbili, la sivyo sampuli ndogo zote zinarundikana kwenye kona na huoni kitu. Namba za RLU, yaani hizo namba za mwanga zinazotoka kwenye mashine, usizilinganishe na za maabara nyingine, wala na za mashine yako ya zamani, hicho ni kipimo cha mashine na kila moja ina chake. Linganisha idadi ya bakteria, na ili uipate hiyo idadi tandaza sampuli zilezile ulizopunguza kwenye aga (jeli ya kuoteshea bakteria) siku hiyohiyo uhesabu makoloni kesho yake. Na kwenye boksi la tyubu za probu andika kwa kalamu isiyofutika tarehe uliyoifungua na blanki ya siku hiyo. La kwangu lina namba mbili tu kwenye kifuniko, na blanki ya leo ikizidi mara mbili ya ile iliyoandikwa hapo, probu inaenda kwenye taka za kemikali hata kama tyubu zimebaki nusu.